Vibao vya Tope Kwenye Geti la Wakwe

Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, maana kina mama wa ushirika wameshaanza kuitia chumvi, na Jumapili iliyopita nikasikia eti nilipita na gari juu ya hema, jambo ambalo si kweli kabisa, hema sikuligusa, nililipita kwa pembeni. Aibu niliyoipata ilikuwa kubwa ya kutosha bila nyongeza. Nilikwenda kumposea mwanangu mke, nimevaa kitenge kipya na kilemba cheupe, nikaingia kwa wakwe kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa kazini nampima mtu presha, yangu ndiyo inayopanda.

Ugonjwa wangu ni mmoja, nao ni kutaka kujua. Wengine wana sukari, mimi nina maswali. Mimi ni nesi, naishi Ladywood, hapa Birmingham, kwenye ghorofa refu, na Kelvin nimemlea peke yangu tangu akiwa na meno mawili. Sasa kuna mwenzangu mmoja kazini, Mwingereza mpole asiyeongea sana, siku moja akaniambia kwamba wikendi huwa anaendesha gari kwenye matope, kwamba kuna uwanja nje ya mji ambako mtu anaingia getini analipa, halafu anakwenda kukwama. Nilimwangalia. Sisi kwetu Bungoma tulikuwa tunakwama bure, mvua ikinyesha tu, na hakuna aliyefurahi. Nikataka kujua mtu mzima mwenye akili zake analipaje ili akwame, basi nikaenda naye kuangalia (kuangalia tu, nilijiambia), na jioni nikarudi nyumbani na matope masikioni, nacheka peke yangu kwenye lifti. Baada ya muda si mrefu nilikuwa nimenunua fowili kuukuu, gari la kijani linalovutwa na magurudumu yote manne, lenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani.

Kelvin hakulipenda gari lile tangu siku ya kwanza. Yeye alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini tangu aanze shule hunijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho hicho akaniambia kwamba mama za wenzake wanafuma masweta.

Ukishakuwa na gari la matope unahitaji kitu cha kukutoa kwenye matope, na hapo ndipo nilipokutana na vile vibao. Kama hujawahi kuviona, ni vibao virefu vya plastiki ngumu, virefu kama ubao wa kupigia pasi, vina meno meno juu na chini. Gurudumu likizama unachimba kidogo mbele yake, unakisukumiza kibao chini ya tairi, unakanyaga mafuta taratibu, tairi linayauma yale meno na gari linapanda lenyewe. Ni kitu rahisi hivyo. Lakini nilipoanza kuviulizia nikakuta vipo vya kila aina na kila muuzaji anaapa kwamba vyake ndivyo. Kuna vya bei ya chini ambavyo tairi likizungukia juu yake meno yanayeyuka kama mshumaa, kuna vya mpira vya kukunja kama mkeka, kuna vya alumini ambavyo ni vizito na vinakwaruza matairi, kuna vifupi vya kuweka chini ya kiti, na kuna virefu vyenye kamba mkiani ili usivipoteze vikizama. Nilikuwa nasoma habari zake mapumziko ya kazini nikala chakula kikiwa baridi. Nikawa naota meno.

Dukani nilikwenda kwa Bwana Jaswant, pale Stratford Road, anayeuza vifaa vya magari. Ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake ni kile cha Kisumu ya zamani, na tukikutana tunaanza na habari za ziwa kabla ya habari za magari. Siku ya kwanza nilimwomba avitoe vyote nje ya maboksi. Nikavikunja, nikavinusa, nikasimama juu yake na viatu, nikasimama bila viatu, nikamuuliza hiki kikishika baridi kali kinapasuka au hakipasuki, meno haya yamekaa hivi kwa nini na yale yamekaa vile kwa nini, na hili tundu ni la nini. Wateja wengine wakajipanga nyuma yangu. Nikaaga nikasema nitafikiri, nikarudi tena wiki iliyofuata na maswali mapya.

Bwana Jaswant akaweka mikono kiunoni akaniambia, "Dada, mimi mke wangu nilimwona siku moja tu, chai ikaletwa, kesho yake nikasema ndiyo. Wewe kibao cha plastiki unakichumbia mwezi mzima."

Nikamwambia mke unaweza kumzoea, kibao kikikuangusha umekwama.

Mwishowe nilichagua vile virefu, vya nailoni ngumu, rangi ya chungwa, vyenye meno makali kuliko vyote. Nilipofika nyumbani sikutosheka. Nikaweka matofali chini, nikalaza kibao juu yake kama daraja, na kina mama wa maombi walipokuja Ijumaa nikawaomba wasimame juu watatu kwa pamoja (nao wakasimama, lakini mpaka leo mmoja hajui alikuwa amesimamia nini, alidhani ni mambo ya afya). Kibao kikapinda kidogo, kikarudi. Niliridhika kabisa. Hakuna mtu Birmingham nzima aliyekijua kibao chake kama nilivyokijua changu, na shida ni kwamba nilikuwa sijapata tope la kukijaribia.

Hapo ndipo habari ya posa ilipoingia. Kelvin alikuwa amempata binti anaitwa Mueni, msichana mtulivu, mfamasia, watu wao ni wa Machakos lakini wanakaa Hodge Hill. Baba yake, Mzee Mutua, ni mtu wa maneno machache aliyeendesha basi la mji miaka mingi, na alipostaafu akakodi kona ya shamba la mkulima mmoja nje kidogo ya mji akawa analima sukuma wiki na kufuga mbuzi. Kelvin alikuwa anamwogopa. Mzee alikuwa amemwambia Mueni wazi kwamba hana neno na kijana, lakini kijana amelelewa na mama peke yake na huyo mama, kwa anavyosikia, ana mambo mengi, kwa hiyo yeye anataka kwanza aone kama hao ni watu waliotulia. Asipowaona wametulia, mazungumzo yataahirishwa, na Mueni alisema baba yake akiahirisha jambo huwa halirudi.

Kelvin alikuja nyumbani akaniketisha. Aliniambia kwa Kiingereza, polepole kama ninavyoongea mimi na wagonjwa, kwamba ananiomba siku moja tu niwe mama wa kawaida: nisiulize maswali, nisiguse kitu, nikae nyuma na kina mama wenzangu, nitabasamu. Nikaona macho yake. Nikamwambia sawa mwanangu, na nilikuwa namaanisha.

Sherehe ilipangwa kule shambani kwa Mzee Mutua, kwenye hema, kwa sababu nyumbani Hodge Hill majirani walishalalamikia moshi wa mbuzi. Mvua ilinyesha wiki nzima. Watu wetu wote walikubaliana kwamba magari yataachwa barabarani kwenye lami, tutembee na mabuti mpaka getini, viatu vizuri tuvivae huko huko. Ulikuwa mpango mzuri na haukunihitaji mimi kufanya chochote.

Lakini alikuwepo Mzee Wafula. Mzee Wafula ndiye aliyekuwa msemaji wetu, mtu wa heshima zake, mwalimu mkuu mstaafu, goti moja limechoka, na siku hiyo alivaa suti ya kaki na viatu vya ngozi vinavyong'aa mpaka unajiona. Alisimama pale kwenye lami akaiangalia njia ya shamba, akaviangalia viatu vyake, akaguna. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, panda kwa mama. Hili gari linakufikisha mpaka mlango wa hema."

Ni neno hilo moja tu. Na msinione mwema, goti la mzee lilinihusu ndiyo, lakini nyuma ya gari juu ya mablanketi na sufuria mpya za wakwe vililala vibao vyangu viwili vya rangi ya chungwa, bado vina vumbi la dukani, na ndani ya moyo wangu nilikuwa natamani njia iwe mbaya. Kelvin alinitupia jicho. Nikamwambia namsaidia mzee tu, akafumba macho akaanza kutembea na wenzake.

Njia yenyewe haikuwa na shida. Gari lilipita kama linakwenda sokoni, nikasikitika kidogo. Kufika getini tukakuta geti limefungwa na kina mama wa upande wa Mueni wamejipanga kwa ndani, wamevaa leso za aina moja, wanaimba. Mnajua mambo yetu, mgeni wa posa haingii hivi hivi, lazima azuiwe, aulizwe ametoka wapi na anataka nini, ajibu kwa wimbo, atoe zawadi ya kufungulia, akataliwe kidogo, aongeze. Shangazi yake Mueni ndiye aliyeongoza, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alikuwa na raha na hakuwa na haraka yoyote.

Sasa sikilizeni hapa. Jambo la kwanza unalofundishwa kwenye matope ni kwamba usisimame, ukisimama unazama. Na jambo la kwanza kwa wakwe ni kwamba lazima usimame getini. Na geti la shamba ndipo mahali ng'ombe wote wa yule mkulima wanapopita kutwa, pale udongo umekanyagwa mpaka umekuwa uji. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari linaloshuka polepole mno, naimba na kupiga makofi, naona geti linapanda. Nilijua kabisa kinachotokea. Watu wetu walifika kwa miguu wakajiunga na wimbo, leso zikatolewa, soda zikatolewa, shangazi akakataa, akaongezewa, akafungua geti kwa vigelegele. Nikakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, gari likakaa.

Nikamwambia Mzee Wafula asiwe na wasiwasi, nitarudi nyuma kidogo kwenye ardhi ngumu halafu nije kwa kasi, maana hiyo ndiyo njia ya kawaida na mtoto wa darasa la tatu angeifanya.

Mzee akainua fimbo yake. "Kurudi nyuma? Mbele ya geti la wakwe, geti likiwa wazi? Mama Kelvin, unataka tuonekane tumemkataa binti wa watu? Sisi haturudi nyuma tukishafunguliwa. Ni mwiko."

Mimi mila hiyo sikuwa naijua, lakini aliyesema ni Mzee Wafula, na nani angebishana naye. Halafu niseme ukweli, moyo uliruka kwa furaha. Kama haturudi nyuma, basi tunakwenda mbele, na wa kutupeleka mbele nilikuwa nao nyuma ya mablanketi.

Nikapitisha mkono dirishani, nikafungua mlango kwa nje, nikashuka. Viatu vya kisigino vikabaki kwenye tope wakati huo huo, nikaendelea bila viatu. Nikatoa vibao, wimbo ukafia njiani. Nilikuwa nimesahau koleo nyumbani, basi nikafungua kikapu cha zawadi za mama mkwe nikatoa mwiko mpya wa kusongea ugali, nikapiga magoti na kitenge changu mbele ya tairi, nikaanza kuchimba. Nilipoinua kichwa nikamwona Mzee Mutua amesimama mlangoni pa hema, kikombe cha chai mkononi, ananiangalia bila kupepesa. Kelvin alikuwa nyuma ya gari katika shati jeupe, ameshika kichwa.

Hapo ningeweza kunyamaza nikafanya kazi yangu. Lakini shangazi yake Mueni akainama akaniuliza, "Mama, hicho ni kitu gani?" na kuniuliza mimi swali kuhusu vibao ni kumfungulia bomba mtu aliyebeba ndoo. Nikawaeleza kina mama wote habari ya meno, nikawaonyesha kamba, nikawaambia kwa nini si vya alumini, wakawa wananizunguka wanashika shika, mmoja akauliza kama vinafaa kuanikia visamaki vya omena. Nikajisikia mtu kati ya watu. Nikavisukumiza vibao chini ya matairi, nikawaomba wasogee mbali kabisa upande wa ua, nikapanda, nikafunga mkanda, na Mzee Wafula akafunga wake.

Unatakiwa kukanyaga mafuta taratibu. Hilo nililijua kuliko jina langu. Lakini shangazi akaanzisha wimbo upya, kina mama wakapiga vigelegele kunitia moyo, mguu wangu ukaitika ule wimbo. Meno yakauma tairi. Wapendwa, vile vibao havikuwa na kosa lolote, ningependa mlijue hilo, vilifanya kazi kuliko alivyosema mtu yeyote. Gari liliruka kutoka kwenye shimo kama limechomwa sindano. Kibao kimoja kilirudi nyuma na ndoo nzima ya tope, na lile tope lote, sijui lilijuaje pa kwenda, likamkuta Kelvin kuanzia utosini mpaka mkanda wa suruali. Hayo nilisimuliwa baadaye, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa napita getini, napita hema, watu wanasimama kwenye viti, nakanyaga breki na breki hazina la kusema, maana upande wa pili wa hema kulikuwa na mteremko wa nyasi zilizolowa na gari lilikuwa linateleza ubavu ubavu kwa utulivu kabisa kuelekea kwenye bustani ya sukuma wiki ya baba mkwe. Tuliingia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majani makubwa mazuri, yanapiga kwenye kioo. Halafu gari likasimama lenyewe, likazama mpaka kwenye milango.

Kofia ya Mzee Wafula ilikuwa imemfunika macho. Aliirudisha taratibu, akaangalia sukuma wiki kulia na kushoto, akasema, "Tumeingia."

Sikuweza kushuka kwa sababu mlango wangu ndio ule usiofunguka kwa ndani, na dirisha nililokuwa nimelipandisha kwa kuogopa tope likagoma kushuka. Aliyekuja kunifungulia ni Mzee Mutua mwenyewe. Aliokota jani moja lililovunjika, akalifuta tope kwa kidole gumba, akalitia mfukoni mwa koti. Heri angenitukana.

Mazungumzo yalianza hivyo hivyo, hema lote linanuka tope na sukuma wiki iliyopondwa. Mimi nilikaa nyuma na kina mama, miguu mitupu chini ya kiti, kilemba kikiwa si cheupe tena. Mzee Wafula alisimama akasema maneno mazuri kuhusu ua tulilokuja kulitafuta, lakini hakuna aliyecheka mahali pa kuchekea. Mzee Mutua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo halifanywi, mama wa kijana haongeleshwi kwenye mazungumzo.

"Mama Kelvin," akasema, "kule getini ulijua kuna matope?"

Nilimwona Mueni amekaza mikono mapajani. Nikafikiri kusema sikujua. "Nilijua, mzee," nikasema. "Niliomba yawepo. Nilikuwa na vibao vipya, nilitaka kujua kama vinafanya kazi."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilisema nataka kuona watu waliotulia," akasema, lakini si kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka, na hilo likaniuma zaidi. Nikaona jambo linakwenda kuahirishwa. Nikaona mwanangu anakosa mke kwa sababu ya plastiki ya rangi ya chungwa. Machozi yakanilenga, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Hapo Kelvin akasimama. Bwana harusi naye haongei, wazee wetu wakaanza kumvuta shati akae, lile shati lilivyokuwa likawachafua mikono wakamwachia. Na alipofungua mdomo hakikutoka Kiingereza.

"Baba," akasema, "mimi Kiswahili yangu si nzuri. Nisamehe. Mama yangu anauliza sana. Kila mtu anachoka, mimi pia nachoka. Lakini nikiwa mtoto mdogo nilikuwa mgonjwa, na daktari alisema ni homa tu, rudi nyumbani. Mama aliuliza. Akauliza mwingine. Akakaa hapo kwa mlango, akauliza mpaka wakaangalia tena, wakapata ile kitu kwa damu. Kama mama alikuwa mtu wa kutulia, mimi siko hapa." Akatafuta neno, akalikosa, akamaliza, "Basi. Ni hivyo tu."

Akakaa. Mimi sikujua kama anaikumbuka ile siku. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa lugha yangu, tena mbele za watu, na tope linamkauka usoni. Nilijifunika uso na leso ya mama aliyekuwa jirani yangu bila hata kumuuliza.

Mzee Mutua alitoa lile jani mfukoni, akaliangalia, akaliweka mezani. Akainama akanong'onezana na wazee wenzake, wakanong'ona sana, mmoja akacheka akajifanya amekohoa. Kisha akasimama akasema kwamba wamekubali mbuzi, wamekubali mablanketi, mwiko wameupokea ingawa umeshatumika, ila kuna kitu kimoja hakikutajwa kwenye mahari nao wanakitaka. Kila mwaka mvua ikinyesha kigari chake kinakwama pale pale getini na huwa anamwomba mkulima amvute na trekta, akiona aibu. Alitaka vibao.

Hema likalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mzee Wafula hakunitazama hata kidogo, akasema, "Tumetoa." Kwa hiyo binti yangu Mueni, pamoja na vitu vyote vya kawaida, ameolewa kwa vibao viwili vya kukwamulia gari, na sidhani kama kuna mwingine.

Wakati wa kuondoka ulipofika nikaenda kwa Mzee Mutua kwa adabu zote nikamwomba aniazime vile vibao kidogo tu, nitoe gari langu kwenye sukuma wiki. Alinisikiliza kwa makini, akamwita shangazi, wakashauriana. Akaniambia anasikitika sana, lakini kitu cha mahari hakiazimwi kurudi kilikotoka, watu wataelewa vibaya. Kisha akaniwekea mkono begani. "Liache tu, mama mkwe. Hapo limetulia." Ndiyo mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Gari likabaki pale mpaka ardhi ilipokauka, na mimi nikarudi mjini na basi dogo la kukodi, katikati ya kina mama walionitungia wimbo kabla hatujafika barabara kubwa. Nilikaa karibu na Mzee Wafula. Kuna jambo lilikuwa linanikereketa, nikamuuliza ile mila ya kutorudi nyuma kwenye geti la wakwe asili yake ni wapi, kwetu Wabukusu tu au na kwa wengine, na mimi nilikulia wapi nisiisikie.

Mzee akaviangalia viatu vyake, bado vinang'aa, hata tone. "Hakuna mila kama hiyo," akasema. "Niliona ukirudi nyuma tutashindwa, utaniambia nishuke nitembee."

Basi mimi nimeapa. Kwa wakwe siku hizi naenda na basi, nashuka kituoni natembea na mabuti yangu. Mzee Mutua hunipigia simu mvua ikinyesha, ananiuliza kibao kinakaa na kamba mbele au nyuma, nami namweleza kila kitu anachotaka kujua. Ila mimi mwenyewe nimejifunza swali moja ambalo kwa muda wote ule sikuwahi kumuuliza Bwana Jaswant, na sasa sinunui kitu kabla ya kuliuliza: hiki kikishanitoa hapa, kinanipeleka wapi?